Hodi ya Tatu

Shavu lilidondoka saa nane na robo mchana, kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, na wala halikudondoka kwa kishindo. Liliteleza. Kwanza likashuka hadi kidevuni, likaning'inia kidogo kama kamasi la mtoto, kisha likaangukia jiwe la baraza. Pwa. Kamera ilikuwa imeshazimwa ili betri isiishe. Kijana aliyecheza maiti, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinguruma na kukunja vidole kama makucha bila ya mtu kutabasamu, akainama, akaliokota shavu lake, akalipangusa kwa ncha ya kanzu, akamgeukia mzee aliyekaa pale na kikombe chake cha kahawa.

"Samahani, babu."

"Haidhuru, mwanangu."

Kichochoro kizima kikaangua kicheko.

Siku mbili za kupiga filamu ya mazombi ya kuchekesha ya dakika sita, na kicheko pekee cha kweli hakikurekodiwa.

Wiki kadhaa sasa jambo hilo haliniachi. Si shavu. Shavu lina sababu yake na dawa yake, tutafika huko. Linalonikera ni ile "samahani". Kwa nini maiti yule alichekesha alipoacha kuwa maiti wa sinema na kuwa mtoto wa watu tu, aliyeharibikiwa?

## Neno lenyewe lina makovu

Kabla ya damu kuna jina. Mtu wa Nairobi anaweza kubandika tangazo la "Mazombi Waja" na asisikie kitu. Unguja si hivyo. Karibu na uchaguzi wa 2015 na ule wa marudio wa Machi 2016, "mazombi" lilikuwa jina la watu waliofunika nyuso, wakizunguka mitaani na kupiga raia. Ziko nyumba ambazo neno hilo halijawa mzaha mpaka leo, na hujui aliyekaa safu ya mbele ni wa nyumba gani.

Basi hakuna kufunika nyuso. Hakuna gari la wazi lenye watu wamesimama nyuma, hakuna marungu. Maiti waje kwa miguu, uso wazi, mmoja mmoja. Na kwenye jina la filamu, tafuta neno jengine.

Halafu kuna usiku. Mwaka 1995 taharuki ya Popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi makundi. Vijana waliopakwa unga, wanayumba saa tano za usiku huko mitaa ya Ng'ambo, si kichekesho kwa mtu anayefungua dirisha ghafla. Kibali cha BASSFU, baraza linalosimamia filamu Zanzibar, ni karatasi, na karatasi haisomeki gizani. Sheha, kiongozi wa mtaa, aambiwe, kisha mpite nyumba kwa nyumba siku moja kabla, na ubao wa kugonga mwanzo wa shoti ashike mtoto wa mtaa ule ule. Mtaa wenye mtoto wake kwenye filamu hauwapigii kelele za mwizi.

## Ametoka wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wengi hawajui kama wamekwama.

Njia ya mkato ni kaburi. Mkono unachomoza udongoni, sanda inafuata. Kwa mtazamaji wa Marekani hiyo ni nguo ya sinema. Mtazamaji wa hapa sanda ameshaikata kwa mikono yake, pengine mwezi uliopita, na harufu ya karafuu maiti bado anayo puani. Akicheka, atacheka huku anaomba toba, na kicheko cha namna hiyo hakirudi mara ya pili.

Kwa muda nililiona hili ni suala la heshima peke yake: tusikifanyie mchezo kitu fulani, basi, tutafute njia ya pembeni. Lakini kadiri nilivyofikiri nikaona sanda ni kosa hata kwa ufundi wa kuchekesha. Sanda inamvua mtu kila kitu. Muuza samaki, mwalimu, kondakta, fundi saa, wote wakiwa ndani ya sanda ni kitu kimoja. Na kichekesho hakiwezi kuanza mpaka tujue huyu alikuwa nani jana.

Ametoka usingizini, si kaburini.

Amekula wali wake, amejinyoosha adhuhuri kwenye joto la Kaskazi, ameamka maiti. Hata mkewe hajagundua tofauti mpaka alasiri. Sababu usiieleze. Hakuna daktari, hakuna maabara, hakuna taarifa ya redio. Kwenye filamu ya dakika sita, maelezo ya dakika moja yamekula sehemu ya sita ya chakula.

## Zimwi likujualo

Halikuli likakwisha. Methali hii tunaitumia kwa mabosi na wajomba, lakini hebu isomwe kama ilivyo. Zimwi limekujia, lina njaa, na bado linakujua. Linakula, lakini linabakisha. Kwa nini? Kwa sababu ya mazoea.

Zombi wa Haiti alikuwa mtu aliyenyang'anywa hiari na kutumikishwa shambani. Msukule wa bara ni ndugu yake wa karibu. Mla nyama za watu alishika mizizi na filamu ya Mmarekani George Romero ya 1968, ambayo ndani yake neno zombi halitamkwi hata mara moja. Filamu nyingi fupi za vijana zinachukua vitu hivyo viwili tu, kukosa hiari na njaa, zikaongeza mngurumo. Mngurumo wenyewe wa kuazima. Hakuna mtu wa Makunduchi anayeugua kwa sauti ile.

Kinachokosekana ni mazoea. Muuza kahawa amekufa, lakini vikombe bado anavigonganisha mkononi, na maiti wenziwe wanageuka kwa mlio ule kama walivyogeuka walipokuwa hai. Kondakta amekufa, bado anapiga bodi ya daladala mara mbili ili gari iondoke, na gari inaondoka.

Zoea moja kwa kila maiti. Ukimpa mawili, watazamaji wanaona mtu mzima anayeumwa. Na zoea lazima lionekane akiwa hai, ndani ya nusu dakika ya mwanzo, tena bila ya kusisitizwa. Mara ya pili linatokea akiwa amekufa: hapo ndipo kicheko. Mara ya tatu limgharimu kitu. Likija mara ya nne, mwandishi ameishiwa.

## Sasa, shavu

Lile shavu lilikuwa la jeletini, na lilidondoka kwa sababu jeletini huanza kulainika kwenye nyuzi joto 30 na kitu. Uso wa mtu uko huko huko, hata kabla ya jua la saa nane. Chini yake jasho linasukuma. Gundi gani itasimama?

Kama lazima iwe jeletini, angalia kwanza pakiti isiwe ya nguruwe, maana hii inakaa karibu na mdomo wa mtu kutwa. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa jeletini, kimoja cha maji, kimoja cha gliserini. Iache ivimbe dakika kumi, kisha iyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto. Isichemke, ikichemka inapoteza nguvu ya kushika. Ijaribu kwenye kifundo cha mkono wako kabla hujaipeleka kwenye uso wa mwenzio. Kipande kiwe chembamba, kingo zimekonda kama karatasi, na mwisho wa kuitumia ni saa nne asubuhi. Baada ya hapo unapiga picha za barafu juani.

Wapo wanaofikiria mwani, na wazo si baya. Mwani wa aina ya kotonii ukichemshwa na kuchujwa unatoa jeli ngumu zaidi ya ile ya aina ya spinosamu, na jeli hiyo haiyeyuki kwa joto la ngozi. Tatizo ni kwamba inakatika kama dodoki bovu na inatoa maji yenyewe kila ikikaa. Kwa kidonda kilicho wazi mkononi, kinachong'aa na kuvuja, ni nzuri mno. Kwa shavu, hapana.

Kinachosimama mpaka jioni ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote: tishu na gundi ya kope. Ipambue tishu ibaki ngozi moja, ichane kwa vidole badala ya mkasi ili kingo ziwe na nyuzi, paka gundi, bandika, paka tena. Matabaka matatu au manne, kila moja likauke kwanza. Kisha pasua katikati kwa kijiti cha meno na uinue kingo. Gundi nyingi za kope zina mpira ndani, na wako watu ngozi zao haziutaki, kwa hiyo tone moja lipakwe ndani ya kiwiko siku moja kabla.

Juu ya tishu, liwa. Liwa iliyosagwa nzito, ikapakwa na kuachwa ikauke, inapasuka yenyewe pembeni mwa mdomo na kwenye paji la uso kila mwigizaji akisema neno. Hakuna poda ya dukani inayofanya hivyo. Na wanja, usiuchore kama macho ya bibi harusi. Uusugue kwa kidole chini ya jicho na kwenye bonde la pua.

Piko usiiguse. Nasema tena, piko usiiguse. Hina ya asili haina neno, lakini ile nyeusi ya haraka ina dawa ya nywele inayoweza kuchoma na kuacha malengelenge, na uso hauna pa kujificha. Lenzi za macho za rangi nazo ziache dukani. Jicho la maiti linapatikana bure: mwigizaji asikutazame wewe, atazame kitu kilicho hatua moja nyuma ya sikio lako.

## Damu ya kaimati

Romero alitumia shira ya chokoleti kwa damu, kwani filamu yake ilikuwa nyeusi na nyeupe na rangi haikuwa na kazi. Sisi shira tunayo tangu zamani, ile ya kaimati.

Vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, chemsha dakika nane hadi kumi mpaka igandamane na mgongo wa kijiko. Ikipoa, tia kijiko kidogo cha rangi nyekundu ya chakula. Ukiishia hapo una sharubati: nyekundu ya waridi, inapitisha mwanga. Koroga kijiko kikubwa cha kakao kwenye maji ya vuguvugu kwanza, usikitupe kikavu kwenye shira kikafanya madonge, kisha ongeza kidogo kidogo. Tone moja la buluu linaiteremsha iwe ya mshipani. Itazame kupitia kamera, siyo kwa macho, na chini ya taa ile ile utakayopigia.

Kasoro yake ni sisimizi. Nusu saa tu, na nyuki wakishajua, kazi imekwisha. Kwa hiyo shira iwe ya mdomoni peke yake. Ya kwenye nguo na ukutani ipikwe kwa maji, unga wa mahindi mweupe ule laini wa kuzidishia uzito, rangi, na kijiko cha sabuni ya maji inayosaidia kufua. Hiyo hailambwi. Chupa mbili, alama mbili kubwa, mtu mmoja wa kuzishika.

Meno na ulimi visikusumbue. Mpe mwigizaji ubuyu, mbegu tano au sita, afyonze dakika moja kabla ya shoti. Mdomo utakuwa mwekundu mpaka chakula cha mchana, na hakuna aliyewahi kukataa kipodozi hicho.

Matumbo ni halua. Inang'aa, inavutika, ina rangi ya ini, na juani inastahimili kuliko matumbo ya kweli ya buchani, ambayo kufika saa sita yamewafukuza waigizaji wote. Usaha ni urojo usiotiwa pilipili. Watazamaji wakiutambua urojo, na watautambua, watacheka zaidi. Usiufiche.

## Watano wawe ishirini

Kichochoro chenye upana wa mikono miwili hakihitaji umati. Maiti watano, simu iwe kwenye lenzi ya mara mbili, wapite mmoja karibu kabisa na kioo akiwa hana umbo, wawili katikati, wawili mwisho. Wa karibu akishapita, azunguke nyuma ya kamera, abadilishe kofia, arudi mwisho wa foleni. Kanzu kuukuu na shati za mitumba zitoshe kubadilisha mara tatu. Wakikutana wawili mahali pembamba, mmoja ampishe mwenzake. Hilo nalo usilikate.

Simu ipige fremu 25 kwa sekunde na shata 1 kwa 50, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za dukani zitakupigia mawimbi ukizidisha. Mwangaza na fokasi vifungwe kwa mkono. Jua letu likishazama halisubiri mtu: mwanga wa magharibi unaofaa haufiki nusu saa, na katikati yake adhana itaingia kwenye sauti, nanyi mtasimama. Panga shoti mbili tu kwa muda huo.

Msimu? Kipupwe, Juni hadi Agosti, uso unakaa. Lakini Kusi ndiyo inavuma, na maikrofoni ndiyo itakayolipa.

## Sauti

Watu wanasamehe picha mbaya. Sauti mbaya wanainuka.

Maikrofoni ndogo ya kubana, ichomekwe kwenye simu ya pili ndani ya mfuko wa mwigizaji, kichwa chake kikifunikwa kipande cha manyoya na kufichwa chini ya kola ya kanzu au mkunjo wa mtandio. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti. Kofi hilo ndilo litakalounganisha picha na sauti baadaye. Kitambaa kikisugua, bandika plasta pande zote mbili za waya.

Vinavyobaki vitengenezwe chumbani, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani. Mfupa unaovunjika ni muwa, uvunjwe karibu na maikrofoni. Kung'atwa ni embe bichi. Nyama inayochanwa ni khanga iliyolowa, ipasuliwe polepole. Kwa ule mchurupuko wa ndani hakuna kinachoshinda fenesi bivu likipekuliwa kwa mikono miwili, ila mikono ipakwe mafuta kwanza, la sivyo utashika na kompyuta kwa ulimbo.

Na sauti ya maiti mwenyewe? Asingurume. Aseme neno alilozoea kusema, akiwa amevuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Jaribu hapo ulipo.

## Mlango

Nimeiandika shoti kwa shoti, kwani humu ndimo ile "samahani" ilimonifikisha.

Ndani ya mlango wa mbao za kuchonga amejibana kijana na mkewe. Kijana ameshika mchi. Nje anakuja maiti, na maiti ni baba mkwe. Kumbuka shida ya kijana huyu: mchi hauinuliwi mbele ya mkwe, lakini pia mkwe haachwi mlangoni.

Shoti ya kwanza: kamera juu ya miguu mitatu, mwisho wa kichochoro, fremu kuanzia magotini kwenda juu. Mzee anakuja, hatua moja kila sekunde mbili. Anasimama. Mabega yanasogea kidogo, anavua kandambili, miguu hatuioni. "Hodi." Neno liingie ndani na pumzi. Sekunde 12, hakuna kukata. Salamu asitoe, salamu ni dua na dua haifanyiwi mzaha. Hodi ni ya mlango.

Shoti ya pili: ndani, uso wa kijana karibu. Mdomo unafunguka wenyewe kusema "karibu", na mkono wa mkewe unauziba. Sekunde nne.

Shoti ya tatu: kiganja juu ya misumari ya shaba. "Hodi."

Shoti ya nne, kunong'ona:

"Ni baba."

"Najua ni baba."

"Sasa tumwache nje, mwana we?"

Halafu rudi kwenye fremu ya shoti ya kwanza. "Hodi." Hapo kimya cha sekunde sita. Mhariri atataka kukata sekunde ya pili, mkatalie. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani anajua hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi. Zile sekunde nne za ziada ni za watazamaji kukumbuka hilo wenyewe, bila ya kuambiwa. Mkionesha Ngome Kongwe, kwenye wazi, utawasikia wanakumbuka mmoja baada ya mwengine.

Mzee anageuka. Anaondoka, akichechemea kuliko alivyokuja.

Kuna kosa la Wajapani linalofaa kuibwa hapa. Filamu ya mazombi ya Shinichiro Ueda ya 2017, One Cut of the Dead, iliyotengenezwa kwa yeni milioni tatu hivi, inafungua kwa shoti moja ya dakika 37 iliyojaa kasoro, na baadaye kasoro zile zile ndizo zinazochekesha. Kwa maana hiyo, mkwe akijikwaa, kofia ikianguka, akaiokota na kuivaa, endeleeni.

Shoti ya mwisho: mlango unafunguliwa kwa upana wa kiganja. Chini, kandambili mbili zimepangwa vizuri, vichwa vikitazama nje. Moja bado ina mguu.

Mguu unatengenezwa hivi. Mwigizaji avae mfuko wa nailoni mguuni, uzungushiwe selotepu matabaka matano mpaka juu ya fundo kwa vidole vitatu. Kata kwa nyuma kuanzia kisiginoni, mvue, funga tena. Jaza povu la godoro kuukuu, lakini kisiginoni tia kiganja cha kokoto; bila ya uzito mguu unatikisika mlango ukifunguliwa na watu wanaona mwanasesere. Selotepu haishiki vidole, kwa hiyo vidole visokotwe kwa pamba na tishu. Juu yake matabaka manne ya tishu na uji wa ngano, ukauke usiku kucha, upakwe fandesheni iliyochanganywa na gundi nyeupe, kisha liwa. Kandambili iwe yake mwenyewe, iliyoliwa kisigino.

Kwenye mkato wa juu, halua na shira kidogo.

Halua ina samli, na Mji Mkongwe una paka. Atakuja, atanusa, atalamba, pengine atajaribu kuondoka nao. Kamera isizimwe.